Sachi safi, ploti si yako: kesi ya Dina Management na ule ukuta wa Nyali

Kwa sisi tunaokula kwa kazi ya kupekua rekodi za ardhi huku Pwani kuna kesi moja imeibadilisha kazi yetu kabisa, na bado nakutana na makarani wa mawakili, watu wenye miaka mingi kwenye kaunta, wanafanya kazi kama vile haijawahi kutokea. Ni ile ya Dina Management Limited na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Upeo ya Kenya ikatoa hukumu tarehe 21 Aprili 2023. Nataka niipitie polepole, manake wengi waliisoma kwenye vichwa vya habari tu wakabaki na ile ya "ploti ya Moi imerudi kwa umma" basi, na kwa mtu wa kazi yetu hapo hata hujaanza kuielewa.

Kisa chenyewe ni hivi. Septemba 2017 watu wa kaunti waliingia kwenye ploti ya Nyali wakabomoa ukuta upande ule unaotazama bahari, wakasema pale panatakiwa pawe njia ya kushukia ufukweni. Namba ya ploti ni MN/I/6053. Kwa asiyezijua namba za Mombasa, MN ni Mainland North, ile I ni seksheni ya kwanza, alafu 6053 ndo ploti yenyewe. Dina wakaenda kortini. Walichosema ni rahisi na ukikisikia peke yake unawapa haki papo hapo: tuna hati, tulinunua kwa pesa zetu, kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya mtu, hamuwezi kutuvunjia hivi hivi.

Sasa angalia mnyororo wa umiliki. Mwaka 1989 ploti hii aligawiwa Daniel arap Moi, wakati huo ndo rais. Moi akaihamisha kwa kampuni ya Bawazir & Co. (1993) Ltd. Bawazir nao wakawapa Dina. Mikono mitatu, na kila uhamisho uliingia kwenye rejista. Ukienda kufanya sachi ya kawaida, yaani kupekua rejista ya ardhi, kwa ploti ya namna hii, ile ya kujaza fomu ukalipia ukangoja cheti, unachorudishiwa ni jina la mwenye ploti wa sasa, ukubwa, kama ni lisi (ya miaka maalum) au ni milele, na mizigo iliyoandikwa juu yake, yaani moghiji (rehani ya mkopo), kaveti (zuio la mtu anayedai haki), amri ya korti. Kama hakuna mzigo, mteja anafurahi, wakili anaandaa mkataba, deposit inalipwa. Kile cheti hakidanganyi, kinasema tu rejista leo inamwandika nani. Hakikwambii huyo mtu wa kwanza kabisa aliipataje, na hapo ndo kesi nzima ya Dina imesimamia.

Inabidi nirudi nyuma kidogo kwenye sheria, nivumilieni, bila hii hamtaona uzito wake. Mfumo wa hati tulionao kwa hizi ploti za zamani za RTA, ile Sheria ya zamani ya Usajili wa Hati, unatokana na mfumo wa Torrens, ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858, na wazo lake kubwa ni kwamba mnunuzi aangalie rejista tu, mambo ya nyuma ya rejista yamefungiwa pazia, asiyachokore. Kifungu cha 23 cha ile sheria ya RTA, Sura ya 281, kilisema hati ni ushahidi usiopingika wa umiliki isipokuwa kama mwenye hati mwenyewe alishiriki ulaghai. Ona hapo, mwenyewe. Kama ulaghai ulifanywa na mtu wa kabla yako na wewe huujui, uko salama. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa kwenye kesi ya Joseph arap Ngok na Moijo ole Keiwua ikalisisitiza hilo kwa nguvu, na miaka mingi mawakili walikuwa wanaitaja kesi hiyo karibu kila siku kortini. Sisi wapekuzi tulizoeshwa hivo pia, ukishapata jina na ukaona hakuna mzigo, kazi imeisha, nenda kale chakula cha mchana.

Alafu likaja la 2010. Katiba mpya kifungu cha 40(6) kikasema ulinzi wa mali hauendi kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, ikaongeza kwamba hati inaweza kupingwa kama ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Na hapo kwenye sehemu (b) hakuna tena yale maneno ya kuwa lazima mwenye hati awe alishiriki. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa kwenye Munyu Maina na Hiram Gathiha Maina ikasema mizizi ya hati ikipingwa haitoshi kuja kuipunga hati mbele ya hakimu, lazima ueleze ilipatikanaje. Kwa hiyo ishara zilikuwepo miaka kumi kabla ya Dina, tatizo ni kwamba huku chini kwenye makaunta hatukuziona au hatukutaka kuziona, manake zinaongeza kazi na mteja hataki kulipia kazi ya ziada.

Turudi Nyali. Mahakama ya chini, ile ya Ardhi na Mazingira, iliwakatalia Dina, ya Rufaa ikakubaliana nayo, wakapanda mpaka juu. Mahakama ya Upeo ikasema ili tujue kama huyu ni mnunuzi wa nia njema lazima kwanza twende kwenye mzizi wa hati, tuanze pale ilipogawiwa mara ya kwanza. Wakaenda. Wakakuta ploti kwenye mpango ilikuwa imetengwa kama eneo la wazi. Na eneo likishatengwa hivo ni la matumizi ya umma, huwezi tena kusema ni ardhi ya serikali iliyokaa bure inangoja kupewa mtu. Haikuwepo mezani. Juu ya hapo utaratibu wa ugavi wenyewe haukufuatwa, na ile Sheria ya Ardhi za Serikali, Sura ya 280, ilikuwa na utaratibu wake, ploti za mjini zilitakiwa zipangwe na Kamishna wa Ardhi alafu ziuzwe kwa mnada isipokuwa rais aamue vingine kwa suala maalum. Kwa hiyo, wakasema majaji, hati ni matokeo ya mwisho ya safari, na kama safari haikufuata sheria hati hiyo haiwezi kulindwa. Moi hakuwa na haki yoyote ya kisheria ambayo angeweza kuwapa Bawazir, na Bawazir hawakuwa na kitu cha kuwapa Dina. Kununua kwa nia njema hakukuwasaidia.

Hii sentensi ya mwisho isome tena kama wewe ni mtu wa kununua ploti.

Kuna kipimo cha mnunuzi wa nia njema kinatoka Uganda, kesi ya Katende na Haridar & Co. ya 2008, korti zetu zinakitumia sana na hata kwenye hii kesi kilitajwa. Uwe na hati, ununue kwa nia njema, usiwe unajua ulaghai, ulipe thamani ya kweli, muuzaji awe na hati inayoonekana ni halali, na wewe usishiriki. Ukikisoma unaona mtu makini wa kawaida anaweza kuvipata vyote hivyo na bado akakosa ploti, kwa sababu nia njema inatibu kasoro kati yako na muuzaji, haitengenezi haki pale ambapo haki haijawahi kuzaliwa.

Sasa niende kwenye kitu ambacho naona ndo cha kazi yetu hasa. Swali la kuuliza kwa ploti kama MN/I/6053 siyo "nani ameandikwa", ni "kabla ya kuwa ploti hapa palikuwa nini". Na jibu la hilo haliko kwenye kaunta ya sachi, liko kwenye ramani. Shamba kubwa likigawanywa kuwa ploti ndogo ndogo, ruhusa ya kugawanya huwa inakuja na masharti, mwenye shamba anatakiwa aachie barabara, aachie eneo la wazi, wakati mwingine na ploti ya shule au zahanati, anaiachia serikali au baraza bila kulipwa. Zile sehemu zinabaki kwenye ramani bila mwenyewe wa jina. Na ploti isiyo na jina, ikiwa karibu na bahari Nyali au Shanzu au Diani, kwa miaka ile ilikuwa inaonekana ni kama imesahauliwa. Mtu mwenye ukubwa anaandikiwa barua ya mgao, savea anaipima, inapata namba mpya, inapata hati, na kuanzia hapo kila karatasi ni ya kweli. Hati ya kweli, muhuri wa kweli, sahihi ya kweli ya ofisa aliyekuwa ofisini siku hiyo. Ndo maana watu wanaotafuta hati feki pekee hawaipati hii. Hapa hakuna cha kughushiwa, karatasi zote ni halali kwa macho, kosa liko nyuma ya karatasi ya kwanza.

Kwa hiyo siku hizi mimi naanza na namba. Ukiwa na ploti ya seksheni I alafu majirani zake wote wana namba zinazofuatana za mgawanyo mmoja wa zamani, yeye peke yake ana namba ya juu sana iliyokuja miaka mingi baadaye, hapo nasimama. Inaweza kuwa ni mgawanyo wa juzi wa halali tu, lakini pia inaweza kuwa ni kipande cha eneo la wazi kimekatwa baadaye. Naomba ramani ya savei yenyewe, zile za F/R zilizoko Idara ya Savei Ruaraka, naangalia ilipimwa lini na kutoka kwenye nini. Alafu natafuta ule mpango wa mgawanyo ulioidhinishwa na masharti yake, huo unaweza kuwa kwa watu wa mipango wa kaunti, waliorithi mafaili ya baraza la manispaa. Ikiwa ni ploti iliyotoka serikalini nataka PDP, yaani ramani ya mpango wa matumizi ya kipande hicho cha ardhi, yenye namba ya idhini na tarehe, na tarehe hiyo lazima iwe kabla ya barua ya mgao. Ukikuta barua ya mgao ni ya mwezi wa tatu na PDP ni ya mwezi wa tisa ujue mtu aligawiwa kitu ambacho hakijapangwa. Ni kitu kidogo, tarehe mbili tu, lakini nimeona mafaili mazito yakianguka hapo hapo.

Kwa ploti za baharini kuna lingine. Kanuni za Savei za 1994, kanuni ya 110, zinasema ardhi ya serikali iliyo kando ya bahari ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Sasa ukikuta mpaka wa ploti umeshuka mpaka kwenye mchanga, na hati ya kwanza ni ya serikali kugawa, uliza kwa nini. Twende pia na miguu, siyo karatasi tu. Shuka ploti, ongea na wavuvi na wale mama wanaouza viazi karibu na ufukwe, waulize njia yao ya kuteremka ilikuwa wapi. Mzee wa Kijipwa au Mkomani atakuonyesha kwa kidole mahali alipokuwa akipita na ngarawa, na mara nyingi kidole chake kinaangukia pale pale ramani ya zamani inapoonyesha nafasi tupu. Mimi hii ya njia za bahari inaniuma. Pwani hii ndefu yote na mtoto aliyezaliwa Kisauni anapita katikati ya kuta mbili ndefu kwenda kuogelea, na njia nyingi zimezibwa na watu wenye hati nzuri kabisa.

Je ni haki kwa mnunuzi? Hapa watu wanagombana sana na mimi sitajificha. Naona majaji walikuwa sahihi. Ripoti ya tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugavi haramu wa ardhi ya umma, iliyoundwa 2003 na kumaliza kazi 2004, ilikadiria hati haramu kama 200,000 zilitolewa kati ya 1962 na 2002. Kama kila moja ya hizo inasafishwa kwa kuuzwa mara moja tu kwa mtu asiyejua, basi mnyakuzi anachohitaji ni kuuza haraka, na kweli walikuwa wanauza haraka, ndo mchezo wenyewe. Ulinzi wa mnunuzi ulikuwa umegeuka mashine ya kufulia hati. Kwa hilo niko na korti.

Ila kuna nusu ya pili haijatatuliwa na inanikera. Serikali ndo iliandika barua, serikali ikapima, serikali ikasajili, ikachukua ushuru wa stempu kila uhamisho, ikatoa cheti cha sachi kusema huyu ndo mwenyewe, alafu mwisho wa siku hasara yote anabeba mnunuzi wa mwisho. Sheria ya Usajili wa Ardhi ina kifungu cha 81 cha fidia kwa makosa ya rejista, lakini mimi binafsi sijaona mteja wangu hata mmoja aliyelipwa kwa njia hiyo. Marekani walipita shida inayofanana na hii mapema. Pennsylvania mwaka 1868, kesi ya Watson na Muirhead, mnunuzi alipoteza pesa kwa sababu mpekuzi wake aliona deni lililokuwepo kwenye rekodi akaamini halina nguvu baada ya kushauriwa na wakili, korti ikasema mpekuzi hakuzembea kwa hiyo halipi. Watu wakabaki wameduwaa, na mwaka 1876 Philadelphia ikaanzishwa kampuni ya kwanza ya bima ya hati. Mpaka leo kule mpekuzi wa hati anafanya kazi akijua kuna bima nyuma yake itakayolipa akikosa kuona kitu. Huku kwetu bima hiyo haijawa kitu cha kawaida, kwa hiyo macho ya mpekuzi na mkataba wa wakili ndo kinga pekee ya mtu aliyeuza ng'ombe na kuchukua mkopo wa sacco anunue robo ekari.

Miezi mitano baada ya Dina, 22 Septemba 2023, Mahakama hiyo hiyo ikaamua ya Torino Enterprises, ile ardhi ya Embakasi iliyokuwa inagombaniwa na Wizara ya Ulinzi. Pale wakasema barua ya mgao siyo hati, ni ofa tu, na usipotimiza masharti yake kwa wakati, pamoja na kulipa, huna cha kumuuzia mtu. Sitaki kukaa sana hapo ila ziweke hizi mbili pamoja: Dina inasema hati bila mzizi haitoshi, Torino inasema mzizi wenyewe nao lazima uwe umekamilika. Kwa hiyo kwenye faili siangalii tu kama barua ya mgao ipo, naangalia risiti ya malipo na tarehe yake na barua ya kukubali ofa.

Watu wa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi kwa kompyuta, wataniambia mambo yote sasa ni mtandaoni, tangu Aprili 2021 ilipozinduliwa na kuanza na Nairobi. Ni kweli na imepunguza foleni na rushwa ndogo ndogo za kutafutiwa faili, naishukuru. Lakini kinachoingizwa kwenye mfumo ni kilichokuwa kwenye rejista, na rejista ndo ile ile iliyomwandika Moi, Bawazir, Dina. Kompyuta itakupa jibu lile lile kwa haraka zaidi.

Tabu kubwa kwa kweli ni mteja. Anakuja na broka pembeni, amesikia kuna mwingine anaitaka hiyo ploti, anataka sachi leo leo. Ukimwambia unahitaji wiki kadhaa kutafuta mafaili Mombasa, Ruaraka na Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi Nairobi, anakuona unataka kumla pesa. Namwelewa. Lakini cheti cha siku moja namwambia wazi kinathibitisha nini na hakithibitishi nini, na kwenye ripoti naandika vitu viwili tofauti: nilichokiona kwa macho yangu na nilichokitafuta nikakosa. Kama barua ya mgao haikupatikana naandika haikupatikana, nilitafuta ofisi gani, nilijibiwa nini, nani aliniambia faili limepotea. Siku hizi ndo karatasi ya kwanza wakili anayoiulizia, manake kukosekana kwa faili la ugavi kwenyewe ni habari.

Na kwa ununuzi wenyewe nawashauri hivi: deposit ikae kwa wakili, isiende kwa muuzaji, mpaka mzizi uonekane, mkataba uwe na kipengele muuzaji anaahidi kurudisha pesa zote pamoja na gharama za ujenzi ikiwa hati itafutwa kwa kosa la ugavi wa mwanzo, na ahadi hiyo asaini mwenye kampuni kama mtu binafsi pia, kwa sababu kampuni yenye ploti moja tu ikishaiuza haina kitu cha kukulipa. Muuzaji wa Nyali akikataa kipengele hicho, muulize ni kwa nini kabla hujaweka sahihi yako.